Daftari la Bunduki: Dola, Mwenye Silaha na Siri ya Kumbukumbu katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Nchini Kenya bunduki hainunuliwi kama jembe au baiskeli, kwa kuwa sheria inamtaka mnunuzi ajulikane na dola kabla muuzaji hajamkabidhi chochote: jina lake na makazi yake, rekodi yake mbele ya polisi na mahakama, hali ya akili yake, mwenendo wake miongoni mwa watu anaoishi nao, na sababu inayomfanya aitake silaha hiyo. Habari hizo hukusanywa na maafisa wa serikali, huandikwa katika faili, na hubaki humo hata baada ya ombi kukubaliwa au kukataliwa. Uchunguzi wa namna hii, ambao katika makala haya utaitwa uchunguzi wa mwombaji, una lengo ambalo ni vigumu kulipinga, yaani kuzuia silaha isiangukie mikononi mwa mtu atakayeitumia kuua au kupora. Lakini una upande wa pili ambao wanahistoria wa Kenya hawajaupa nafasi ya kutosha, nao ni hatima ya habari zenyewe: nani huzitunza, nani huruhusiwa kuzisoma, na kama mtu anayeandikwa ana njia yoyote ya kujua yaliyoandikwa juu yake.

Hakuna mahali pazuri zaidi pa kulifuatilia suala hilo kuliko Kiganjo na eneo linalouzunguka mji huo. Kiganjo ni mji mdogo karibu na Nyeri, penye kituo cha reli iendayo Nanyuki, na jina lake limeshikamana na polisi kiasi kwamba Mkenya anaposema kijana fulani amekwenda Kiganjo hahitaji kueleza zaidi, kwani msikilizaji anaelewa kuwa kijana huyo amejiunga na chuo cha mafunzo ya polisi kilichowekwa hapo katika miaka ya 1940. Vizazi vya maafisa waliokuja kuwa wakuu wa vituo, wapelelezi na watoaji wa leseni za silaha katika kila pembe ya nchi vimepita katika viwanja vya chuo hicho. Na katika vijiji na misitu ya jirani, kutoka Tetu hadi Nanyuki, ndiko ambako swali la nani aruhusiwe kushika bunduki na nani achunguzwe liliwahi kuamua uhai na kifo cha watu wengi.

Mizizi ya udhibiti huo ni mikongwe kuliko mji wenyewe. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na washirika wao, yakiwa yamekutana Brussels kwa nia iliyotangazwa ya kukomesha biashara ya watumwa, yalitia saini mkataba uliozuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, na ukaagiza kwamba silaha zinazoingia zihifadhiwe katika maghala yaliyo chini ya serikali na zitolewe kwa mtu mmoja mmoja kwa kibali. Mkataba huo ulieleza kwamba bunduki ziliwawezesha wafanyabiashara wa watumwa kuendelea na kazi yao, jambo ambalo pwani ya Afrika Mashariki ililijua vizuri. Hata hivyo matokeo yake ya kudumu yalikuwa kwamba Mwafrika alinyang'anywa uwezo wa kujizatiti katika miaka ileile ambayo majeshi ya kikoloni yalikuwa yakiingia bara. Richard Meinertzhagen alipoanzisha kituo cha kijeshi huko Nyeri mwaka 1902, baada ya mapigano na wenyeji, tofauti kati ya bunduki za upande mmoja na mikuki ya upande mwingine ilikuwa imekwisha kuwekwa kisheria. Kwa miongo iliyofuata, bunduki iliyosajiliwa katika nyanda za Nyeri, Naro Moru na Nanyuki ilikuwa kwa kawaida mali ya mlowezi wa Kizungu aliyeitumia kulinda mifugo au kuwinda, na uchunguzi aliofanyiwa mwenye bunduki hiyo haukuwa mzito, kwa sababu dola ilimhesabu tangu mwanzo kuwa mtu wake.

Uchunguzi mzito uliwekwa kwa watu wasiokuwa na bunduki kabisa. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kwa dhati baada ya Vita Vikuu vya Kwanza kati ya 1919 na 1920, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kubeba kipande, yaani hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na maelezo ya waajiri wake, ambayo aliivaa shingoni ndani ya kibweta cha chuma. Nakala ya habari hizo ilitunzwa Nairobi, ili mfanyakazi aliyeacha shamba la mlowezi bila ruhusa aweze kusakwa hadi kijijini kwake. Harry Thuku na wenzake waliupinga mfumo huo waziwazi, na kukamatwa kwake mwezi wa Machi 1922 kulifuatwa na maandamano jijini Nairobi ambamo polisi waliwapiga risasi na kuwaua waandamanaji. Kipande ndicho kilichoijenga nchini Kenya hifadhi kubwa ya kwanza ya alama za vidole, na ni jambo la kukumbukwa kwamba hifadhi hiyo ilianza kama chombo cha kudhibiti nguvu kazi, miaka mingi kabla ya kuwa nyenzo ya kupambana na uhalifu.

Tukio linalofunua zaidi maana ya faragha katika koloni lile lilitokea baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwaka 1947 serikali ilipitisha sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kwa mara ya kwanza mlowezi naye akatakiwa kutoa alama za vidole. Walowezi walikuja juu, wakidai kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha inayowafaa wahalifu na kwamba dola haikuwa na haki ya kuingilia utu wao kwa namna hiyo, ingawa Waafrika walikuwa wametendewa hivyohivyo kwa karibu miaka 30 bila serikali kuona fedheha yoyote. Sir Bertrand Glancy aliteuliwa kulichunguza suala hilo, na baada ya ripoti yake ya mwaka 1950 ikapatikana njia ya kuwaridhisha: mtu aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza aliruhusiwa kutoa picha na saini badala ya alama za vidole. Katika maandishi sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini kila aliyeishi Nyeri wakati huo alijua ni nani waliosoma Kiingereza na ni nani ambao vidole vyao vingeendelea kutiwa wino. Hoja ya walowezi juu ya utu ilikuwa ya kweli. Dhuluma ilikuwa katika kuidai kwa watu wachache tu.

Miaka miwili baadaye mambo yalibadilika kwa ghafla. Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, na misitu ya Aberdare na Mlima Kenya ikawa makao ya wapiganaji wa Mau Mau, ambao upungufu wao mkubwa ulikuwa silaha. Walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mipira ya magurudumu, na walivamia vituo vya serikali ili kupata silaha bora zaidi, kama walivyofanya katika kituo cha polisi cha Naivasha usiku wa tarehe 26 Machi 1953. Serikali ilijibu kwa kuifanya silaha au risasi isiyo halali kuwa kosa la kunyongwa. Kufikia mwisho wa vita hivyo watu 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, na sehemu kubwa yao hawakuhukumiwa kwa kuua. Walihukumiwa kwa makosa kama kupatikana na silaha au risasi, au kuandamana na watu wenye silaha.

Ni katika mazingira hayo ya hofu ndipo ilipoanza kutumika, mwaka 1954, Sheria ya Silaha za Moto ambayo hadi leo inajulikana kwa namba yake katika vitabu vya sheria za Kenya, yaani Sura ya 114. Maneno yake makuu hayakutungwa Nairobi. Yalitoka katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1920, iliyopitishwa wakati serikali ya London ilipoogopa kwamba silaha zilizobaki baada ya vita zingewafikia watu wa mapinduzi. Kwa mujibu wa Sura ya 114, mtu hawezi kununua, kupata wala kumiliki bunduki au risasi bila cheti cha silaha; afisa wa leseni anapaswa kuridhika kwamba mwombaji ana sababu nzuri na kwamba anaweza kuruhusiwa bila kuhatarisha usalama wa umma au amani; na cheti hakitolewi kwa mtu mlevi, asiye na akili timamu, au ambaye kwa sababu yoyote ile hafai kuaminiwa na silaha. Maneno hayo ya mwisho, kwa sababu yoyote ile, yanastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa yalimpa afisa uwezo wa kukataa kwa jambo ambalo sheria haikulitaja, na ambalo mwombaji huenda asilijue kamwe. Sheria hiyohiyo ilimtaka muuza silaha aandikishwe na atunze daftari la kila silaha inayoingia na kutoka mikononi mwake, hivi kwamba bunduki iliyouzwa kihalali iliacha nyayo mahali pawili: kwa muuzaji na kwa polisi.

Wakati maneno ya sheria yakizungumzia sababu nzuri na usalama wa umma, uchunguzi wa watu ulifanyika vijijini kwa njia nyingine kabisa. Wakazi wa Nyeri, Murang'a, Embu na Meru walipangwa mistari mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, ambao Wakikuyu waliwaita gakunia, yaani kigunia. Mfichaji huyo wa uso alitikisa kichwa tu, na mtu aliyeonyeshwa alitolewa mstarini na kupelekwa kizuizini, bila kuambiwa nani amemshtaki wala kwa jambo gani. Waliopita katika mchujo huo na kuonekana waaminifu kwa serikali waliweza kupewa cheti cha uaminifu, kilichowafungulia milango ya biashara na safari, na ambacho katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza Waafrika kuwachagua wabunge wao, kilikuwa sharti kwa mpiga kura Mkikuyu, Mwembu au Mmeru. Kutoka miongoni mwa waaminifu hao ndimo walimotoka Walinzi wa Nyumbani, ambao wenyeji waliwaita ngati. Mwanzoni walishika mikuki, na baadaye wengi wakapewa bunduki za serikali.

Kwa hiyo Mwafrika wa kwanza kuruhusiwa na dola kushika bunduki kwa wingi katika eneo hili, nje ya jeshi na polisi, alikuwa mtu aliyechujwa kisiasa, na ushahidi uliotumika kumchuja ulikuwa wa siri. Jambo hili linaeleza, kwa kiasi kikubwa kuliko inavyokubaliwa kwa kawaida, kwa nini katika familia nyingi za Nyeri habari za nani alikuwa na bunduki wakati wa Hali ya Hatari ziliendelea kuwa habari zisizotamkwa mbele ya wageni. Daftari la silaha la miaka ile lilikuwa pia, bila kukusudiwa, orodha ya waliokuwa upande wa serikali, na kama lingeangukia mikononi mwa watu wengine lingeweza kuwagharimu maisha yao. Hoja ya kulinda siri ya kumbukumbu za wenye silaha haikuanza na kompyuta.

Kesi mashuhuri kuliko zote katika historia ya Nyeri ilikuwa, kwa lugha kavu ya sheria, kesi ya bunduki isiyo na kibali. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu wa Aberdare, na askari wa polisi ya kikabila aliyeitwa Ndirangu Mau. Serikali ambayo kwa miaka minne ilikuwa imemtaja kama kiongozi wa uasi haikumshtaki kwa uasi wala kwa mauaji. Ilimshtaki kwa kupatikana na bastola na risasi sita bila mamlaka halali, kinyume cha kanuni za Hali ya Hatari, kwa kuwa kosa hilo lilithibitishwa kwa urahisi na adhabu yake ilikuwa kifo. Shauri lilisikilizwa Nyeri na Jaji Mkuu Sir Kenneth O'Connor akiwa na washauri watatu Waafrika. Kimathi, ambaye bado alikuwa na jeraha la risasi mguuni, alijitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha, lakini utetezi huo haukukubaliwa. Alipatikana na hatia mwezi wa Novemba na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Hatima ya karatasi za kesi hiyo ni sehemu ya historia hii. Kwa miongo mingi jalada la kesi lilidhaniwa limepotea, watafiti na familia wakiligombania kwa uvumi, hadi nyaraka zake zilipochapishwa mwaka 2017 katika kitabu kilichohaririwa na Julie MacArthur. Halikuwa jalada pekee lililofichika. Mwaka 2011, wazee wa Kenya waliokuwa wakiishtaki serikali ya Uingereza jijini London kwa mateso ya Hali ya Hatari waliposukuma kesi yao mbele, serikali hiyo ilikiri kuwa na maelfu ya faili za makoloni yake ya zamani zilizofungiwa Hanslope Park, faili zilizoondolewa nchini kabla ya uhuru huku nyingine zikichomwa moto. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni 2013, Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Hapa pana jambo linalopaswa kutofautishwa kwa uangalifu: siri inayomlinda raia aliyeandikwa na siri inayomlinda afisa aliyeandika ni vitu viwili, na dola ya kikoloni ilitumia ile ya pili huku ikimnyima raia ile ya kwanza.

Uhuru ulipofika mwezi wa Desemba 1963, wapiganaji walitoka msituni na kukusanyika katika uwanja wa Ruring'u mjini Nyeri, ambako silaha zilikabidhiwa kwa serikali mpya. Sura ya 114 haikuondoka na Waingereza. Serikali ya Jomo Kenyatta ilirithi sheria, fomu na kabati za faili, na ofisi ya polisi iliyotunza kumbukumbu za silaha iliendelea na kazi chini ya maafisa Waafrika, wengi wao wakiwa wametoka Kiganjo. Kitengo cha ujasusi cha polisi, kilichoitwa Special Branch, nacho kiliendelea kukusanya habari za watu hadi kilipogeuzwa kuwa idara nyingine mwaka 1986, kisha kuwa chombo kilichojitenga na polisi mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika kipindi chote hicho raia aliyenyimwa cheti cha silaha hakuwa na njia ya maana ya kujua kama amenyimwa kwa rekodi ya jinai, kwa fitina ya jirani, au kwa msimamo wake wa kisiasa.

Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori, na kwa hatua hiyo ikaondoa mojawapo ya sababu kuu ambazo wenye bunduki wa eneo la Mlima Kenya walikuwa wakizitoa tangu enzi za walowezi. Sababu iliyobaki kuwa kuu ilikuwa kujilinda, nayo ni ngumu zaidi kupimwa, kwa kuwa afisa hawezi kuipima bila kuuliza juu ya mali ya mwombaji, safari zake, biashara yake, maadui zake na mahali anapolala. Mfanyabiashara wa Karatina au mwenye shamba la kahawa wa Othaya anayeomba bastola hulazimika kuieleza serikali mambo ambayo pengine hajawaeleza hata ndugu zake. Faili lake likianguka mikononi mwa mtu mbaya huwa ramani kamili ya nyumba yenye fedha na bunduki.

Wakati huohuo silaha zisizojulikana na daftari lolote zilikuwa zikiingia nchini kwa wingi. Ghala la jeshi huko Moroto, Uganda, liliporwa Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, na kuporomoka kwa serikali ya Somalia mwaka 1991 kuliongeza mafuriko hayo kupitia kaskazini, hadi Laikipia na Isiolo, upande wa pili wa Mlima Kenya. Mataifa ya kanda yalijaribu kujibu kwa pamoja kupitia Azimio la Nairobi la mwaka 2000 na Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, iliyozitaka nchi wanachama kuziwekea silaha alama na kutunza kumbukumbu zake. Hata hivyo makadirio ya taasisi ya utafiti ya Small Arms Survey kwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba raia wa Kenya walikuwa na takriban bunduki 750,000, na kati ya hizo zilizosajiliwa zilikuwa 8,136 tu. Hata kama makadirio hayo yatapunguzwa kwa nusu, ukweli unabaki kwamba uchunguzi wa mwombaji unamfikia mtu aliyejitokeza mwenyewe na kuomba, huku mwenye silaha haramu akiwa hana faili wala alama ya kidole inayohusishwa na silaha yake.

Mashambulizi ya kigaidi ndiyo yaliyoleta mageuzi makubwa ya sheria. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, na miongoni mwa waliowahi kuingia kuokoa wengine walikuwa raia wenye bastola zenye leseni. Sheria ya marekebisho ya usalama ya mwezi wa Desemba 2014, iliyopitishwa katikati ya vurugu bungeni, iliipa Kenya Bodi ya Leseni za Silaha, inayojumuisha wawakilishi wa polisi, Huduma ya Taifa ya Ujasusi, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Bodi ilipewa kazi ya kuthibitisha kwamba mwombaji anafaa, kupima mara kwa mara uwezo wake wa kutumia silaha, kutoa na kufuta leseni, na kuendesha mfumo mmoja wa kutunza kumbukumbu za wenye silaha wote. Ombi la mkazi wa Nyeri linaloanzia katika kituo cha polisi cha eneo lake hupitia kwa wapelelezi na kamati za usalama za mahali hapo, na mwishowe hufika Nairobi, likiwa limebeba taarifa ya kila aliyelipitia.

Uwepo wa mjumbe wa ujasusi katika bodi hiyo una maana inayopita utaratibu. Rekodi ya jinai ni jambo ambalo mtu anaweza kulijua na kulipinga: alishtakiwa au hakushtakiwa, alihukumiwa au aliachiliwa, na Mkenya yeyote anaweza kuomba cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, akapigwa alama za vidole katika kituo cha Huduma mjini Nyeri, na kujionea mwenyewe kama jina lake ni safi. Taarifa ya ujasusi haina mlango kama huo. Inaweza kuwa kweli, na mara nyingine huokoa maisha, lakini inaweza pia kutokana na kosa la jina, chuki ya mtoa habari au uvumi uliopitwa na wakati, na mtu aliyenyimwa kwa sababu hiyo anasimama mbele ya dola kama walivyosimama wazee wake mbele ya kigunia.

Mwezi wa Desemba 2018 Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliwaagiza raia wote wenye silaha kujitokeza upya ili wachunguzwe wao na silaha zao, na serikali ikaeleza kwamba baadhi ya vyeti vilikuwa vimetolewa kinyume cha utaratibu. Zoezi hilo liliendelea katika miezi ya mwanzo ya 2019, na mwezi wa Novemba mwaka huo mfumo mpya wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za silaha ukazinduliwa. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki, kwa kuwa daftari lenye vyeti vya udanganyifu halimlindi yeyote. Lakini tarehe zinasema jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Data, inayomtaka kila mtunza habari kueleza anakusanya nini na kwa nini, kutokusanya zaidi ya kinachohitajika na kutokaa nacho zaidi ya muda unaofaa, iliidhinishwa tarehe 8 Novemba 2019, na Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka 2020. Habari za wenye silaha zilikusanywa, basi, kabla ya kuwepo kwa sheria ya kuzilinda na ofisi ya kuisimamia.

Kwamba mpangilio huo una kasoro si maoni ya mwandishi peke yake. Usajili wa Huduma Namba, uliokusanya habari za mamilioni ya Wakenya katika mwaka huohuo wa 2019, ulifikishwa mahakamani na Jukwaa la Haki za Wanubi na wenzake, na tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo usiendelee bila kwanza kuwepo kanuni kamili na za kutosha za kuulinda. Mwezi wa Oktoba 2021 mahakama hiyo iliamua tena kwamba serikali ilipaswa kupima athari kwa faragha kabla ya kutoa kadi. Sababu za kimsingi za maamuzi hayo, zinazotokana na Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinachohifadhi faragha ya kila mtu, zina uzito uleule kwa mwenye bastola.

Ulinganisho na Marekani unasaidia kuona kwamba kuna zaidi ya njia moja. Huko mfumo wa kitaifa wa kuchunguza wanunuzi wa bunduki ulianza kazi mwezi wa Novemba 1998 kufuatia sheria ya mwaka 1993, lakini sheria ya mwaka 1986 iliizuia serikali kuu kuwa na daftari la wenye silaha, na tangu 2004 kumbukumbu ya mnunuzi aliyepita uchunguzi inapaswa kufutwa ndani ya saa 24. Njia hiyo huwafanya wapelelezi kutafuta mwenye bunduki iliyoua kwa kufuata karatasi za muuzaji mmoja hadi mwingine. Kenya haina sababu ya kuiiga. Nchi iliyozungukwa na vita vya jirani inahitaji kujua kila bunduki halali iko wapi, na hitaji hilo ndilo linaloifanya dhima ya kulilinda daftari kuwa nzito zaidi kwa Nairobi kuliko kwa Washington.

Sheria ya Data inaruhusu kutoka nje ya masharti yake pale usalama wa taifa unapohusika, na kila ofisi ya silaha inaweza kuvutiwa kuifanya ruhusa hiyo kuwa kanuni ya kila siku. Sehemu kubwa ya faili la mwombaji, hata hivyo, haihusu usalama wa taifa: anwani, biashara, ripoti ya daktari, maneno ya jirani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa serikali haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na sheria ya mwaka 2015 ya utendaji wa haki wa serikali inaeleza namna ya kuidai, ilhali Sheria ya Data inampa mtu haki ya kuona habari zake na kusahihisha zilizo za uongo. Bunge linapaswa kuifungua upya Sura ya 114, iliyoandikwa chini ya kivuli cha mti wa kunyongea, na kueleza ndani yake faili la mtu aliyekataliwa litunzwe kwa muda gani, ni afisa yupi anayeruhusiwa kulisoma, na adhabu ya anayeuza au kuvujisha yaliyomo. Chuo cha Kiganjo nacho kinapaswa kuwafundisha makurutu wake kulinda faili la raia kwa uzito uleule wanaofundishwa kulinda ghala la bunduki. Hadi hapo, mkazi wa Nyeri, Karatina au Nanyuki aliyenyimwa cheti na aombe sababu kwa maandishi, kwa kuwa Katiba tayari imempa haki hiyo.